Siku ya michezo chekechea: watoto 60, kiwanja kidogo, na mkuu anayetaka mita 100

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha chekechea hapa Morogoro. Tuna watoto 60 wa miaka mitatu hadi sita, walimu watano, walezi wawili, na kiwanja cha nyasi kinachoingia uwanja mmoja wa netiboli. Mkuu anataka siku ya michezo iwe na mbio za mita 100 (anasema tutatumia barabara ya mtaa), gunia, kuvuta kamba, na zawadi kwa watatu wa kwanza. Mwaka jana bebi klasi walilia mpaka mwisho, na wazazi wawili wakatupiana maneno juu ya nani alifika wa pili. Nipange vipi mwaka huu, na bajeti yenyewe ndogo?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barabara ya mtaa isahau kabisa. Bodaboda haijui kama kuna siku ya michezo. Na kiwanja chako hakina mita 100. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30 na nusu, na kwa umri huo zinatosha na kubaki.

Kabla hujaenda kwa mkuu, piga hesabu hii ukamwonyeshe. Ukiwakimbiza watoto sita sita, 60 ni makundi kumi. Kuwapanga mstarini, kumrudisha aliyemkimbilia mama yake katikati ya njia, kubishana nani kawa wa tatu: kila kundi linakula dakika tano. Dakika 50 zimekwisha, na kila mtoto amekimbia sekunde chache tu. Muda uliobaki kakaa juani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, 60 kati ya hizo za kuchangamka hasa. Siku ya michezo isiwe ndiyo siku anayokaa kuliko zote.

Dakika hizohizo 50 zigawe kwa vituo vitano. Watoto 12 kila kituo, dakika saba za kucheza, tatu za kuhama na kunywa maji. Kila mwalimu abaki na kituo chake, asihame. Wanaohama ni watoto, wakiongozwa na mzazi mmoja kwa kila kundi, uliyemwomba mapema. Kata vitenge vya zamani vya rangi tano, uwafunge mkononi, shingoni hapana. Ishara ya kuhama iwe ngoma. Spika ya muziki ikae mbali na watoto, maana ikianza kuunguruma hawamsikii mwalimu tena.

Kituo cha kwanza ni kurusha: mipira ya matambara ndani ya karai, hatua moja kwa wadogo, tatu kwa wakubwa. Cha pili ni njia ya vikwazo: kutembea juu ya kamba ya katani iliyolazwa chini, kukanyaga ndani ya matairi ya pikipiki, kutambaa chini ya kamba iliyofungwa kwenye viti viwili. Matairi yapapase ndani kwa mkono, waya ukichomoza utamchana mtoto. Cha tatu ni kuruka kama chura kutoka mstari hadi mstari. Mistari ichore kwa majivu. Chokaa ikiingia machoni inaunguza. Kuruka kwa mguu mmoja waachie wa miaka minne na kuendelea, wengi wa miaka mitatu bado hawawezi, na kuwalazimisha ndiko kunakoleta kilio.

Cha nne ni ndimu na kijiko. Wakubwa wape huo mchezo kama ulivyo, ila kijiko kishikwe mkononi. Najua kwetu tumezoea kukiuma mdomoni, lakini mtoto akijikwaa nacho hivyo, mpini unaingia kooni. Wa miaka mitatu wape upawa na kiazi. Wakikishika kiazi kwa mkono wa pili, waache, nani anahukumu?

Cha tano hakina gharama hata ya shilingi: nyama nyama. Mwalimu anataja ng'ombe, mbuzi, kuku, watoto wanaruka na kuitikia "nyama!", akitaja kiatu au meza wanatulia. Sheria ya kumtoa anayekosea iondoe. Anayekosea mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, na ukimtoa ataishia kutazama wenzake wakicheza.

Bebi klasi wapite vituo vitatu tu, kisha uji kivulini. Nadhani kilio cha mwaka jana kilikuwa njaa na jua zaidi ya kushindwa. Watoto wa umri huu mwili wao unapata joto haraka kuliko wetu, kwa hiyo anza saa mbili asubuhi na saa nne wawe wamemaliza. Mlezi mmoja kazi yake iwe choo peke yake. Utashangaa safari zilivyo nyingi. Wa pili akae na maji na sanduku la huduma ya kwanza.

Sasa orodha ya mkuu. Gunia linawezekana kwa wa miaka mitano na sita, kwenye nyasi, mita tano, kwa viroba vya kilo 25 vinavyowafika kiunoni. Ndani ya gunia la kilo 100 mtoto anazama. Kuvuta kamba waachie akina baba. Kula biskuti mbio au kushindana kunywa soda futa, ni njia rahisi ya kumpalia mtoto. Kupasua maputo pia: kipande cha puto kikiziba koo la mtoto, ni kazi kubwa kukitoa. Na kama kuna mtu wa kamati atapendekeza kukimbiza kuku kama kwenye mabonanza ya watu wazima, mwambie kuku ana mdomo na kucha.

Mbio ziwepo, maana wazazi wamekuja na simu zao kupiga picha. Ziweke mwisho, mita 15 kwa wadogo, 25 kwa wakubwa. Kwa vile mtoto anamkimbilia mama yake upende usipende, tumia hilo: wazazi wapige magoti kwenye mstari wa mwisho, kila mmoja na kanga yake mikononi, mtoto anakimbia hadi aingie ndani ya kanga. Hakuna wa pili wala wa tatu wa kugombania. Hapa kuna jambo moja usilisahau: siku mbili kabla, uliza mzazi gani hatakuja, na kila mtoto wa namna hiyo mwambie mapema ni nani atampokea. Mlezi anayempenda, dada yake wa darasa la nne, yeyote, mradi amjue kwa jina na amwone pale kabla ya ngoma kulia. Asiyetembea vizuri aanze na wenzake akishikwa mkono, au mpokeaji wake asogee karibu.

Zawadi iwe moja kwa wote, chungwa lililomenywa na utepe. Mkuu asipokubali bila kikombe, kikombe kiende kwa timu ya akina baba waliovuta kamba. Wenyewe watakililia zaidi ya watoto.

Kuhusu mavazi, waandikie wazazi: kaptula au suruali, na ushungi wa kuvaa bila pini. Asubuhi na mapema pita kiwanja chote ukiokota vioo, misumari na miiba, kisha wote wacheze pekupeku. Wiki moja kabla jaribu kituo kimoja kila siku. Kikisuasua na watoto 12, kiondoe. Mvua ikinyesha ahirisha. Usihamishie michezo darasani kwenye sakafu ya saruji yenye maji, hata kama wazazi wameshafika.