Barua kwa mwanangu: Hoy na ishara za waamuzi

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nimefurahi kusikia uko mzima na darasa lako linakuchangamsha. Umeniandikia kwamba kijana mmoja hapo shuleni kwenu ameona video inayosema ishara za mikono za waamuzi wa besiboli zilibuniwa kwa ajili ya mchezaji kiziwi aitwaye William Hoy, na sasa wanafunzi wako wote wanakubana uwaambie kama ni kweli, na kama kiziwi aliwahi kweli kulipwa kwa kucheza. Umeniuliza mimi kwa sababu niko huku Ohio, kwao Hoy, na wenyeji wameshaniambukiza mchezo wao.

La kulipwa halina ubishi. La ishara ni kweli nusu, na mimi naona ile nusu isiyosimuliwa ndiyo tamu zaidi.

Hoy alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha Houcktown. Akiwa na miaka kama mitatu homa ya uti wa mgongo ikamchukulia usikivu wake wote. Wazazi wakampeleka shule ya viziwi ya jimbo hapa Columbus, shule ambayo ipo mpaka leo, akamaliza akiwa wa kwanza darasani. Alirudi kijijini akawa fundi viatu. Sasa, kiangazi watu wa mashambani walitembea peku, kwa hiyo kazi ilidorora, na fundi akawa anatoka nje ya kibanda chake kucheza mpira na watoto. Ndivyo watu walivyogundua kwamba yule fundi ana mkono na ana mbio.

Mwaka 1886 akaajiriwa na timu ya Oshkosh, Wisconsin. Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Mpigaji anasimama na gongo lake, mrushaji anamtupia mpira, na mwamuzi aliye nyuma anaamua kama mtupo ulikuwa halali au mbovu. Zama hizo mwamuzi alitamka kwa mdomo tu. Mpigaji asiyejua hesabu ya mitupo halali na mibovu imefika wapi hajui apige au auache mpira upite. Hoy ilimbidi ageuke kila mara amtazame mwamuzi, na warushaji wakaushtukia udhaifu huo: kabla hajakaa sawa, mpira mwingine umeshamfikia. Msimu ule wastani wake wa kupiga, yaani mipigo iliyofaulu kwa kila zamu za kupiga, ulikuwa 0.219, wastani wa mtu anayekaribia kufungishwa virago.

Msimu uliofuata alipanga jambo na wenzake. Hoy alipiga kwa mkono wa kushoto, na anayepiga hivyo uso wake huelekea upande wa kituo cha tatu (vituo ni vile vinne anavyovizunguka mkimbiaji ili apate pointi), ambako husimama kocha wa timu yake mwenyewe. Wakakubaliana: mtupo halali, kocha ainue mkono wa kulia, mtupo mbovu, ainue wa kushoto. Hakuna tena kugeuka. Mwaka 1887 wastani ukapanda hadi 0.367 na Oshkosh wakatwaa ubingwa wa ligi yao.

Kwa hiyo wajibu hivi: ishara zilikuwepo, Hoy alizitumia, lakini zilitoka kwa kocha wake, si kwa mwamuzi. Waamuzi walikuja kuzizoea miaka ya mwanzoni mwa 1900, na kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, bamba la mwamuzi Bill Klem ndilo linalompa Klem sifa ya kuzianzisha. Wanahistoria wanaendelea kuvutana. Binafsi sikubaliani na wanaoigeuza iwe hadithi ya mwamuzi mwenye huruma aliyemsaidia mlemavu. Hoy hakusubiri kuhurumiwa.

Mwaka 1888 timu ya Washington ikamchukua kwenye Ligi ya Taifa, ligi kuu ya Marekani, na katika msimu wake wa kwanza akaiongoza ligi nzima kwa kuiba vituo, mara 82. Kuiba ni kuchoropoka kutoka kituo ulichopo kwenda kinachofuata wakati mrushaji anarusha, kabla hawajakuwahi. Ukimwona kwenye picha alivyokuwa mfupi utaelewa alivyowaponyoka.

Kazi yake hasa ilikuwa kulinda uwanja wa nyuma, katikati, mahali ambapo wachezaji wawili watatu hukimbilia mpira mmoja huku wote wakitazama juu. Wanaosikia hupigiana kelele ili wasigongane. Hoy aliwaandikia wenzake maelezo: mkisikia nimepiga ukelele, mpira ni wangu, niachieni, msiposikia, mjue siufuati. Tommy Leach, aliyecheza naye Louisville, alisimulia baadaye kwamba ukelele wenyewe ulikuwa mlio mwembamba tu, na uliwatosha.

Nao mkono wake! Tarehe 19 Juni 1889, dhidi ya Indianapolis, wapinzani watatu kwa nyakati tofauti walijaribu kukimbilia kituo cha nyumbani wapate pointi, na mara zote tatu Hoy aliurusha mpira kutoka kule nyuma ukafika mikononi mwa mdakaji Connie Mack kabla yao. Watatu, mechi moja, wote nje. Ningekuwa wewe ningewaanzishia wanafunzi hapo, halafu ndiyo nije kwenye ishara.

Wakipekua mtandaoni watakuta anaitwa Dummy Hoy. Neno hilo la Kiingereza, lenye maana ya bubu au mjinga, ni tusi, na wakati ule kila mchezaji kiziwi alibandikwa. Yeye alilibeba bila kinyongo, lakini hilo halitupi sisi ruhusa ya kulirudia. Usiwafiche tu. Mwingine aliyebandikwa jina hilo ni Luther Taylor, mrushaji wa New York Giants. Mei 1902 Taylor alimrushia Hoy mjini Cincinnati, viziwi wawili uso kwa uso katika ligi kuu kwa mara ya kwanza, wakasalimiana kwa lugha ya alama.

Alicheza ligi kuu hadi mwaka huo wa 1902, akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kuonja ubingwa na Chicago mwaka 1901. Kisha akafuga ng'ombe wa maziwa karibu na Cincinnati pamoja na mkewe Anna, mwalimu, naye kiziwi. Leach alisema mlangoni kwao palikuwa na kitasa ambacho ukikivuta, tufe zito la risasi liliviringika na kuanguka sakafuni kwa kishindo, wakahisi mtetemo miguuni wakajua kuna mgeni. Hili najua watoto wako watalipenda kuliko takwimu zote.

Oktoba 1961, akiwa na miaka 99, timu yake ya zamani ya Cincinnati ilimwita arushe mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya tatu ya fainali dhidi ya New York Yankees. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Cincinnati walimwingiza kwenye ukumbi wao wa mashujaa mwaka 2003. Cooperstown bado hayumo, na viziwi wa Marekani wamelipigia kelele suala hilo kwa miaka mingi.

Nitakutumia picha zake kwenye WhatsApp jioni hii. Msalimie mumeo na wajukuu.

Baba yako,
Columbus