Mkia wa Sumaku Nyuma ya Dunia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma Tromsø, Norwe. Usiku mwanga wa kijani hutulia angani kama utepe, mara unalipuka na kutapakaa mbingu nzima. Kwa nini ghafla hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chanzo kiko upande wa usiku, mbali nyuma ya Dunia. Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji utokao Juani, huivuta sumaku yetu ikawa mkia mrefu unaopita hata njia ya Mwezi. Nusu ya kaskazini ya mkia, mistari ya sumaku huelekea Duniani. Nusu ya kusini huiacha Dunia. Kati yake pana tabaka la chembe zenye chaji. Mkia ukibanwa, tabaka hukonda, mistari ya pande mbili hugusana, hukatika na kuungana upya, kisha hufyatuka kama mpira wa manati kuja kwetu, ikisukuma chembe zigonge hewa ya juu, nayo hung'aa: ndio mlipuko wa mwanga uuonao.

Darasani niliulizwa mara nyingi: mlipuko huu huanzia karibu na Dunia au mbali mkiani? Satelaiti 5 za THEMIS, mradi wa NASA wa kuchunguza milipuko hii, zilinipa jibu ninalolipenda mno. Tarehe 26 Februari 2008 zilinasa mkatiko kwenye takriban theluthi ya umbali wa Mwezi, kama dakika moja na nusu kabla mwanga haujalipuka.