Nairobi au ubaki Arusha?

Mdogo wangu, umeuliza uache kazi hapa Arusha uende Nairobi kwa kuwa mshahara ni mara mbili. Tarakimu hiyo isikupumbaze. Kule watakukata bima ya afya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba 1.5, ingawa makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) yao ni 6, yetu kwa kawaida 10. Kodi ya pango angalau unalipa kwa mwezi, siyo hii yetu ya miezi sita.

Kilichonishinda mimi ni foleni. Nilipokuwa Nairobi nilikuwa natoka mtaa wa South B saa kumi na mbili kasoro, mvua ikinyesha nafika ofisini viatu vimelowa na bosi ameshakasirika. Hapa natembea toka Kaloleni, jioni napitia ndizi soko la Kilombero.

Mpakani Namanga ni kilomita 110 hivi toka hapa. Nenda wiki moja, panda matatu (daladala zao) asubuhi, ndipo uwajibu.