Kipeuo cha pili cha 53: mkasi kwanza, hesabu baadaye

Muulize mtoto wa darasa la saba hapa Moshi kipeuo cha pili cha 49, atakujibu saba kabla hujamaliza swali. Sasa muulize cha 53. Wapo watakaonyamaza, wapo watakaogawa kwa mbili na kukupa 26.5, na yule mwerevu wa dawati la mbele atachora mti wa vigawo, aone 53 ni namba tasa, kisha atangaze: "Mwalimu, hii haina kipeuo." Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike. Amefuata kila alichofundishwa, na alichofundishwa kimemfikisha ukutani.

Ninafundisha hisabati shule ya msingi, na jioni nina tuisheni ya darasa la sita, la saba na wachache wa kidato cha kwanza. Ushauri wangu kwa walimu wenzangu, na kwa mzazi anayekaa na mwanawe mezani usiku, ni mmoja: mtoto aone kipeuo cha pili kuwa ni urefu. Ni upande wa mraba ambao eneo lake tunalijua. Mraba wenye eneo la 53 upo, unachorwa, na lazima uwe na upande. Akishakubali hilo, kukadiria kunakuwa kazi ya macho na mkasi.

Kata vipande vya mraba vya manila, sentimita 7 kwa 7. Saba, usiweke tano wala kumi; sababu utaiona. Ukikosa manila, maboksi ya soko la Mbuyuni yanafaa kabisa. Wengi tumezoea vizibo vya soda, na kwa kuhesabia sina ugomvi navyo, ila hapa havisaidii kwa sababu kizibo hukikati. Mtoto akipanga vizibo 49 anapata mraba safi, vinne vinambaki mkononi, na somo linakufa hapo hapo kwenye "vimebaki vinne". Manila inakatika, na somo lote limo kwenye kukata.

Kila kundi la watoto watano au sita lipewe vipande 53 na amri moja: jengeni mraba mkubwa kuliko wote mnaoweza. Fanyieni sakafuni, madawati yetu hayatoshi. Baada ya ubishi watafika saba kwa saba, na vinne vitabaki. Hapo chora kwa chaki mpaka wa mraba unaofuata, nane kwa nane. Kati ya manila na chaki panabaki ukingo wenye umbo la skwea ya fundi: pande mbili na kona. Waulize ukingo huo unahitaji vipande vingapi ujae. Saba huku, saba kule, kimoja cha kona: 15. Sisi tunavyo vinne. Kwa hiyo kutoka 7 kwenda 8 tumesogea nne ya kumi na tano, yaani robo na ushee. Upande unakuwa kama 7.27.

Kwa kipindi kimoja hiyo inatosha. Lakini watoto wana macho; wanaona kwamba kilichoko sakafuni bado si mraba, ni mraba uliochomoza vipande vinne upande mmoja. Kwa hiyo kipindi kinachofuata tunakata.

Kila kimoja kati ya vile vinne kikatwe tepe saba za upana wa sentimita 1. Zinapatikana tepe 28. Mraba wetu unaongezewa pande mbili tu, na pande hizo zina nafasi 14 za urefu wa kipande kimoja. Ishirini na nane kwa kumi na nne: kila nafasi inapata tepe mbili. Wazipange, kisha wapime upande mzima kwa rula ya mita. Sentimita 51. Wagawe kwa 7, wapate 7.29 hivi. Simu itakupa 7.280109889. Kwa sentimita zetu, upande sahihi ulitakiwa uwe 50.96, maana yake tumepishana na ukweli kwa chini ya nusu milimita, na mkasi wa mtoto wa miaka kumi na mbili hukosea zaidi ya hapo.

Halafu kaa kimya. Hili ndilo gumu kwetu walimu, najua. Usiwaonyeshe kona, waache waione. Tepe za upande mmoja zinapokaribia kukutana na za upande wa pili panabaki kishimo cha sentimita 2 kwa 2, na hakuna kilichobaki cha kukijaza. Akitokea wa kusema "Ticha, hapa pako wazi," umeshavuna. Manila yote 53 imetumika, lakini mraba wa sentimita 51 unahesabu na hicho kishimo. Kwa hiyo 7.29 imezidi kidogo, na kilichozidi unaweza kukifunika kwa kidole.

Na ile 7.27 ya jana? Hiyo imepungua. Ukingo unapoanza kupanuka kona huwa ndogo sana, haili manila. Kadiri unavyokaribia 8, kona inakua na kudai chake. Vipande vya mwanzo vinasogeza upande mbali kuliko vya mwisho, wakati sisi tulivihesabu kama vyote vina nguvu sawa. Basi jibu la kweli limebanwa katikati ya makadirio mawili: baki ukiligawa kwa mara mbili ya upande, unapita kidogo, ukiligawa kwa mara mbili ya upande jumlisha moja, unapungukiwa kidogo. Jaribuni na 40, 90 na 130, mtaona hivyo hivyo. Ningeomba kanuni hii isiandikwe ubaoni kabla ya mkasi. Ikitangulia, inageuka kitu kingine cha kukariri, na vya kukariri wanavyo vya kutosha.

Kuna kipimo cha haraka ninachokipenda kwa wale wanaokisia tu. 58 iko juu au chini ya 7.5? Zidisha 7 kwa 8 upate 56. Chukua mstatili wa 7 kwa 8, kata utepe wa nusu kutoka upande mrefu, uhamishie upande mfupi. Unapata mraba wa 7.5 uliopungukiwa robo ya kipande kwenye kona. Kwa hiyo 7.5 mara 7.5 ni 56.25. Hamsini na nane imepita, basi kipeuo chake kimezidi 7.5. Mtoto anafanya hilo kichwani.

Sasa twende shambani, maana hapa ndipo hata wale wa nyuma huamka. Ukanda wetu familia nyingi zina kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo, mlimani na shamba la mahindi tambarare, na huko chini watu hupima kwa hatua. Ekari ni sabini kwa sabini, kila mtu anajua. Waulize watoto: sabini hiyo imetoka wapi?

Ekari ni kipimo cha Waingereza, yadi za mraba 4,840. Yadi moja ni mita 0.9144, sawa na hatua ndefu ya mtu mzima. Tutafute upande. Mraba wa 69 una 4,761, mraba wa 70 una 4,900. Tukijenga wa 69 tunabaki na 79, na ukingo wake unahitaji 139. Zaidi ya nusu kidogo: 69.57. Sabini! Mzee anayetembea shambani Kahe au Himo akihesabu hatua zake anatumia kadirio la kipeuo cha pili, na ni kadirio zuri kuliko mengi yanayoandikwa kwenye madaftari yetu.

Matatizo huanza pale sabini inapohamia kwenye futikamba. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047. Tofauti ni 853, yaani viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji inabaki. Anayenunua atafurahi, anayeuza atalia. Upande sahihi wa ekari kwa mita watoto wautafute wenyewe: mraba wa 63 ni 3,969, wa 64 ni 4,096, baki ni 78 kwenye ukingo wa 127, kwa hiyo 63.6.

Kisha watoe nje, kiwanja cha mpira. Mtoto ambaye hatua yake ni sentimita 60, akitembea sabini anafika mita 42. Arobaini na mbili mara arobaini na mbili ni 1,764. Hajafika hata nusu ekari. Anahitaji hatua 106 kila upande. Darasa langu hubishana hapo mpaka kengele inalia, na ubishi huo nauacha uendelee.

Tahadhari moja kuhusu namba za kuanzia. Wengi huanza na 2 na 3 kwa kudhani ndogo ni rahisi. Kwa njia hii ndogo ndizo mbaya. Kipeuo cha 2 kwa ukingo kinatoka 1.33, wakati ni 1.41, kwa sababu kona ya mraba wa moja ni theluthi nzima ya ukingo wake. Anzeni kati ya 30 na 150. Ya 2 itazameni kwa njia nyingine: kwenye daftari la viboksi chora mraba wa viboksi viwili kwa viwili, unganisha katikati ya kila upande, utapata mraba uliolala mshazari wenye eneo la viboksi viwili kamili. Upande wake ndio kipeuo cha pili cha 2, na unapimwa kwa rula. Wababeli walishachora mraba na mishazari yake kwenye kigae cha udongo kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo, wakaandika kipeuo hicho kikiwa sahihi hadi nafasi tano za desimali. Kigae hicho leo kiko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Watoto hupenda kusikia kwamba watu walihangaika na jambo hili kabla ya simu, kabla hata ya karatasi.

Kuhusu sifuri sina mengi: 5,300 ina kipeuo cha 72.8 kwa sababu tumeongeza sifuri mbili, lakini 530 haina uhusiano huo. Kipeuo chake ni 23 na kitu. Wachore miraba na wataliona.

Mwisho, kusahihisha. Kwenye kukadiria mimi humpa alama zote anayeandika 7.2 au 7.3 pamoja na mchoro unaoonyesha mraba wa 49, ukingo, na sehemu iliyojaa. Anayeandika "kati ya 7 na 8, karibu zaidi na 7" naye anapata sehemu kubwa ya alama. Na ukikutana na 7.28 iliyosimama peke yake kwenye daftari, bila mchoro, usimwekee kosa na usimwekee vema. Mwite mezani, mpe rula na manila, umwombe akuonyeshe kona.