Umehamia mji mdogo Australia? Anza na wazee wa ardhi hiyo

Dada mmoja aliyehamia Mildura ameniandikia: "Kaka, nifanyeje mji huu unizoee? Kutwa shambani kwenye zabibu, jioni nyumbani na watoto, sijuani na mtu." Nimemjibu, ila najua hamko wachache wenye swali hilo.

Dada, jifunze historia ya hapo ulipo, tena uisikie kwa wenyewe. Mimi naishi Shepparton, Victoria, ambako serikali ilianza kuleta familia za Wakongo mwaka 2005. Mji niliujua kwa matunda na viwanda vya kuyatia makoponi, basi. Mpaka mzee mmoja wa Wayorta Yorta, wenyeji wa asili wa huku, aliponipeleka kando ya mto Goulburn, kati ya Shepparton na Mooroopna, mahali paitwapo The Flats.

Tarehe 4 Februari 1939, watu wao zaidi ya 150 waliondoka Cummeragunja, makazi yao yaliyosimamiwa na serikali huko New South Wales, wakavuka mto Murray kuingia Victoria. Walichoshwa na posho haba, maradhi, na msimamizi aliyewatawala hadi ndani ya nyumba zao. Baadhi wakaishia hapo The Flats, katika vibanda vya mabati chakavu na magunia. Mto ukifurika wanahama, maji yakipungua wanarudi. Malkia Elizabeth alipopita mwaka 1954, wazee wanasimulia, barabarani yalitundikwa magunia asiione kambi yao. Nyumba kumi za zege za Rumbalara, za kuwahamishia kutoka kambini, zilijengwa 1958.

Mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, haambiwi posho ni nini, wala kibali cha kutoka. Nilimsimulia mzee ya kwetu, naye akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuniuliza.

Nasema haya kwa uchungu pia. Katika mkutano mmoja wa historia ya mji niliambiwa mbele za watu kwamba historia yetu sisi iko Afrika. Neno lile halijanitoka. Lakini mwaka huu ni mimi niliyeombwa kuwatembeza wanafunzi hapo mtoni pamoja na mzee, na ninajivunia.

Kwa hiyo ndugu zangu, waulizeni wazee. Msingoje kualikwa. Wiki ya NAIDOC, ya kusherehekea wenyeji wa asili wa Australia, ikifika Julai, nendeni. Sikilizeni kwanza, na msirekodi bila ruhusa. Wasikilizeni na waliotutangulia: hapa Shepparton kuna Waalbania waliokuja tangu miaka ya 1920, na msikiti wao upo hadi leo. Tusiishi kama wapangaji tunaosubiri kuhama! Watoto wetu wanazaliwa kwenye ardhi hii, nao watatuuliza ni ya nani.

Nawe dada wa Mildura, uko karibu na ziwa kavu la Mungo, palipopatikana mabaki ya watu walioishi miaka 40,000 hivi iliyopita. Barabara ina sehemu za vumbi, usiende baada ya mvua. Chukua watoto, na omba mwenyeji wa asili awe ndiye wa kuwatembeza.