Grili ya dirisha ianze na paa, siyo na simu ya fundi

Ukizunguka Njiro au Moshono, Arusha, utaziona: nyumba ina paa la kuficha, lile linalozibwa na ukuta, kuta zimenyooka, madirisha mapana ya alumini nyeusi, halafu grili zina maua yaliyojikunja, mikuki na nyota. Kimoja kimoja vyote ni vizuri, ila vikikaa pamoja vinagombana. Sababu naijua. Grili tunaichagua mwishoni, fedha zimeshakwenda kwenye bati, na tunaichagua kwenye simu ya fundi, yaani kwenye picha za nyumba za watu wengine.

Nimesimamia ujenzi wa nyumba yetu Moshi, upande wa Rau, na baadaye nikamsaidia dada yangu aliyejenga Arusha. Ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: kabla ya kuangalia picha hata moja, vuka barabara, ligeukie boma lako, yaani nyumba ambayo haijamalizika, na utazame mistari yake inaelekea wapi. Paa la kuficha linavuta jicho kwa ulalo. Paa lenye mwinuko mkali na pembe nyingi linalivuta juu. Grili ifuate mvuto huo. Kwenye nyumba ya kwanza, mistari mitupu iliyonyooka inatosha kabisa. Kwenye ya pili unaweza kuweka pambo, lakini liwe la aina moja, likae sehemu ya juu ya dirisha, na lirudiwe kila dirisha la mbele. Maua sebuleni, almasi chumbani na miale ya jua jikoni ni maonyesho ya fundi, siyo nyumba.

Fundi wa dada alisikitika kweli. "Dada, bila maua watu watasema hamjamaliza." Dada akamjibu, "Fundi, nionyeshe ua lingine lolote kwenye hii nyumba." Hakuliona, wakaelewana.

Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni kwamba dirisha lenyewe lina mistari yake. Dirisha la kuteleza lenye vioo viwili lina fremu inayosimama katikati. Chuma cha wima cha grili kikipita sentimita 5 pembeni ya fremu hiyo, ukitazama kutoka nje unaona vurugu: mstari juu ya mstari, hakuna unaokutana na mwenzake. Mwambie fundi chuma apange kuanzia katikati kwenda pembeni, chuma kimoja kikae sawasawa na ile fremu. Hilo halikuongezei gharama hata shilingi. Linataka tu fundi alumini na fundi chuma waongee kabla ya kazi, na hapo ndipo penye ugumu.

Kwa wenye nyumba za zamani, kama zile za mtaa wa Shanty Town, Moshi, kuna madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na puti. Ukipata nyumba ya hivyo, usikimbilie kuyang'oa. Zamani, huko Ulaya, vioo vilipulizwa kwa mdomo na kipande kikubwa kilikuwa ghali na kigumu kutengeneza, ndiyo maana dirisha liligawanywa kwa vijiti. Ulazima huo ulipungua kidogo kidogo, na mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyushwa (metali ya tin, siyo bati la paa), na tangu hapo kioo kipana kilichonyooka kimekuwa kitu cha kawaida. Mgawanyo ukabaki kuwa pambo. Dirisha kama hilo tayari lina gridi yake, kwa hiyo grili yako ipite kwenye mistari ileile au isionekane kabisa. Na vile vipande vyembamba ambavyo mafundi alumini hubandika juu ya kioo? Vinapendeza kwenye dirisha refu jembamba lenye vigawanyo sawa. Kwenye dirisha pana la kuteleza, mimi naona ni kupoteza hela.

Sasa mlima. Sisi wa Moshi na Arusha tunajenga chini ya Kibo na Meru, halafu tunajizibia wenyewe. Piga hesabu: ukingo wa chini wa dirisha uko sentimita 90 kutoka sakafuni, dirisha lina urefu wa sentimita 150. Fundi ataweka chuma cha ulalo katikati, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote, na katikati hapo ni sentimita 165. Ni usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama! Omba vyuma viwili vya ulalo badala ya kimoja, cha chini kwenye 100 na cha juu kwenye 205, ili nafasi ya kati ibaki wazi kwa anayesimama na kwa aliyekaa kwenye kochi. Kwa kuwa vyuma vya wima vitakuwa na nafasi ndefu isiyoshikwa, tumia nondo ya mraba ya milimita 12 au bomba mraba lenye unene wa kutosha. Chuma chembamba kinatanuliwa kwa mtarimbo. Rangi nyeusi au ya kijivu kizito inaruhusu jicho kupita kuliko nyeupe, ambayo hung'aa jua likiipiga. Hata wavu wa mbu ni hivyohivyo.

Grili ya mistari ya ulalo mitupu, ambayo sasa ndiyo fasheni, naipenda kwa macho. Lakini kama una mtoto wa miaka mitatu, umemjengea ngazi. Iweke juu ya sinki la jikoni au chooni, kwingine tumia wima, na nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10.

Upande wa fedha, mabomba mraba mengi huuzwa yakiwa na urefu wa mita 5.8. Dirisha la sentimita 150 likihitaji vipande vya 145, bomba moja linatoa vinne bila kubakiza kitu. Ukitaka 150 kamili unapata vitatu na kipande cha kutupa. Pima kila uwazi kwenye boma lenyewe, kwa sababu ramani na kazi ya fundi mwashi havilingani kila mara. Ncha za bomba zizibwe ili mvua ya masika isiingie ndani kulitia kutu, maungio yasuguliwe kwa grenda, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha ifungwe kabla ya lipu ili miguu yake ifichwe ukutani.

Na kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba inayofunguka kutoka ndani. Mkato wake upite kwenye mistari ileile ya mpangilio, hautaonekana nje. Ufunguo uning'inie karibu, mahali ambapo hata mgeni atauona usiku moto ukitokea, ila mkono wa mwizi kutoka nje usiufikie.