Kwa nini damu ya matende huchukuliwa usiku

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wapimaji waliokuja mtaani kwenu Malindi walitoa damu saa nne za usiku. Si uvivu wa mchana! Minyoo mikubwa ya matende, ule ugonjwa wa kuvimba miguu, huishi ndani ya mishipa ya limfu (ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu), miaka kadhaa, na huzaa vijinyoo vidogo sana. Mchana vijinyoo hivyo hujificha kwenye mishipa myembamba ya mapafu. Usiku ndipo hujitokeza kwenye damu ya ngozini, wakati ule ule mbu anayevieneza, yule wa kwenye makaro na vyoo vya shimo, anapouma. Ukichukua tone la damu saa sita mchana, chini ya hadubini huenda usione kitu, ukamwambia mgonjwa yuko salama. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotafuta chembechembe za mnyoo wenyewe, nacho hufanya kazi saa yoyote.

Busha na matende chanzo chake huku pwani mara nyingi ni kimoja, ila busha ni maji yaliyojaa kwenye utando unaozunguka korodani, na dawa za minyoo haziyaondoi. Hapo ni upasuaji. Na yale ya kwamba busha huletwa na madafu, mwachie babu yako barazani, usiyaandike kwenye mtihani.

Jambo moja watahini hupenda: mguu uliokwisha kuvimba miaka mingi waweza usiwe na kijinyoo hata kimoja kwenye damu.